Ligi Ikisimama, Nani Analipa?

Taifa Stars ikiitwa kambini, Ligi Kuu Tanzania Bara husimama. Tumelizoea jambo hili kiasi cha kutoliuliza swali. Redio inasoma majina ya walioitwa, mashabiki wa Simba na Yanga wanahesabu nani katoa wengi, kisha viwanja vinakaa kimya kwa wiki mbili, wakati mwingine miezi miwili. Hoja iliyo mezani ni kama kusimama huko ni haki kwa kila timu, au ni raha ya klabu chache za Dar es Salaam na mzigo kwa zilizobaki.

Mjadala nimeupeleka Majengo, Dodoma, kwenye kijiwe cha kahawa pembeni ya soko, na nimefanya hivyo makusudi. Kariakoo swali hili lina jibu kabla halijaulizwa: aliye Yanga anaona ratiba inaibeba Simba, aliye Simba anaona kinyume chake. Majengo nako Simba na Yanga zimejaa, hakuna wa kubisha, lakini ipo timu ya tatu ambayo ni ya wenyeji hata kwenye makaratasi: Dodoma Jiji, Walima Zabibu, mali ya Halmashauri ya Jiji, wanaotumia uwanja wa Jamhuri. Wasemaji nimewapa kazi zao badala ya majina. Sauti nimezipanga mwenyewe, na pale nitakaposhindwa kuvumilia nitaingilia.

MWALIMU MSTAAFU: Naanza mimi kwa sababu nimesubiri kuliko ninyi nyote. Agosti 1979 Peter Tino alipofunga kule Ndola, tukatoka sare ya 1-1 na Zambia, tukakata tiketi ya Lagos 1980. Baada ya hapo hatukuiona AFCON tena hadi Misri 2019. Miaka 39! Na Misri kwenyewe tulifungwa mechi zote tatu: Senegal, Kenya, Algeria. Ivory Coast, Januari 2024, tukapata pointi mbili. Moroko, Desemba 2025, Nigeria ikatufunga 2-1, tukatoa sare na Uganda, tukatoa sare na Tunisia, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe tukavuka makundi. Sasa aje mtu aniambie kwamba ligi isingesimama, hayo yangewezekana.

MAMA LISHE: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mama.

MAMA LISHE: Raha ya Tunisia hata mimi niliipata. Feisal aliposawazisha nilimwaga uji wa mteja. Ila tuzungumze na mfuko. Siku Dodoma Jiji inacheza na Yanga pale Jamhuri, wageni wanashuka kutoka Singida, Kongwa, Mpwapwa, hata Morogoro, na kufika saa nane mchana masufuria yangu yanaonyesha chini. Ligi ikisimama napika sufuria moja, nalo naliuza kwa kubembeleza. Na si hilo tu. Timu ni ya Jiji. Jiji linapata wapi hela? Mimi na hawa wenzangu wa nyanya na vitunguu tunalipa ushuru. Wiki ambayo hakuna mechi, wachezaji hawali? Hawapangi nyumba? Mshahara haupandi kwenye akaunti? Kwa hiyo Stars ikiwa kambini, Majengo tunalisha timu iliyokaa.

KOCHA WA MTAA: Iliyokaa, na iliyopoa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya hela.

Naingilia mapema kuliko nilivyokusudia, kwa sababu neno la Mama Lishe halisikiki kwenye vipindi vya michezo. Klabu ya tajiri ikikaa bure wiki mbili, tajiri ndiye anayekuna kichwa. Klabu ya halmashauri ikikaa bure, gharama inaangukia mfuko uleule unaotakiwa kuzoa taka na kuchonga barabara za mitaa. Ni kweli hali si ya miaka ya nyuma: mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, na klabu ndogo zikapata pa kuegemea. Lakini fedha ya televisheni inahesabiwa kwa msimu. Msimu ukivutwa kutoka miezi tisa hadi kumi na mmoja, kinachoongezeka ni mishahara.

BINTI WA UDOM: Samahani wazee wangu, tunachanganya vitu viwili. Kuna madirisha ya FIFA, na kuna mashindano. Madirisha tuliyoyazoea ni ya Machi, Juni, Septemba, Oktoba na Novemba. Kila moja linafunguliwa Jumatatu na kufungwa Jumanne ya wiki inayofuata, na timu ya taifa inacheza mechi mbili. Tarehe zake zinatolewa miaka mbele, na ndani yake klabu yoyote, iwe Real Madrid au Dodoma Jiji, inalazimika kumwachia mchezaji aliyeitwa. Tazameni tulivyofuzu kwenda Moroko. Mechi zote sita zilichezwa kati ya Septemba na Novemba 2024. Septemba sare na Ethiopia, kisha tukaifunga Guinea 2-1 kule Yamoussoukro. Oktoba DR Congo wakatufunga kwao na kwetu. Novemba 16 tukaifunga Ethiopia 2-0, na mechi hiyo ilichezwa Kinshasa maana wao hawakuwa na uwanja wa kuipokelea kwao. Novemba 19 Msuva akaimaliza Guinea kwenye uwanja wa Mkapa. Kinshasa hadi Dar, siku tatu, na safari imo humohumo. Hesabu hiyo huwezi kuipenyezea mechi ya ligi hata moja.

KOCHA: Sijasema ipenyezwe. Nasema ligi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, ikakatwa mara tatu kabla ya Krismasi. Wewe timu yako ndogo imeshinda mechi mbili mfululizo, vijana wana moto, wanaitaka ya tatu Jumamosi ijayo. Badala yake unaambiwa pumzika siku 14, tafuta mechi ya kirafiki. Ukirudi unakutana na Simba ambayo nusu ya kikosi chake imetoka kucheza mechi mbili za kimataifa. Wao wako motomoto, wewe umetoka kukimbizana na timu ya mtaani.

MWALIMU: Au wao wamechoka na wewe umepumzika.

KOCHA: Mara moja moja, ndiyo. Nisiwe mbishi wa bure: mapumziko yaliwahi kuwaokoa majeruhi wetu. Lakini mapumziko ninayoyapanga mimi na mapumziko ninayopangiwa ni mambo mawili.

MWENYE BANDA: Ninyi mnalia na ligi ya nyumbani. Mimi wiki ya FIFA hata England hakuna mpira, Hispania hakuna, Italia hakuna. Banda langu linabaki mabenchi na king'amuzi. Vijana wa mikeka nao wanakimbilia mechi za nchi wasizozijua, mkeka unachanika, kesho hawana mia tano ya kiingilio. Ila AFCON, aisee, msiiguse. Ile Januari nilijaza watu hadi nje.

MAMA LISHE: Kwa hiyo wewe uko upande gani?

MWENYE BANDA: Upande wa wanaolipa, mama.

Huyu namwacha hapo. Ana haki yake, lakini hana hoja zaidi ya ile aliyoisema, na nadhani analijua hilo.

KOCHA: Basi tuje kwenye mashindano. Dirisha la siku tisa nimelikubali, ni sheria ya dunia. AFCON je? England haisimami kwa ajili ya AFCON. Ufaransa haisimami. Kwenye AFCON ya Moroko Samatta alitoka Le Havre, Novatus alitoka Göztepe ya Uturuki. Walipoondoka, wenzao waliendelea na kazi. Sisi kwa nini tusimamishe nchi nzima?

MWALIMU: Kwa sababu kwao anaondoka mmoja, kwetu wanaondoka wote! Chukua kikosi cha Stars, ondoa hao wachache wa Ulaya na kwingineko, wanaobaki wanatoka Simba, Yanga, Azam na Singida. Ukiendesha ligi wakati ule, Yanga itacheza bila mabeki wake, halafu ikifungwa hapa Jamhuri utasikia kelele hadi bungeni. Na hiyo Ulaya unayoisifia inalimaliza jambo hili kwa njia mbaya.

BINTI: Hapo Mwalimu ana ushahidi. Agosti 2022 rais wa Napoli, Aurelio De Laurentiis, alisema waziwazi kwamba hataki tena kusajili Waafrika, labda wasaini kwamba hawaendi AFCON.

MWALIMU: Unasikia, Kocha? Ligi isiposimama, gharama inamwangukia mchezaji. Mwenye klabu ataanza kumnong'oneza kijana wa watu: ukiitwa, sema unaumwa nyama za paja. Sisi tuliocheza zamani tunayajua hayo.

MAMA LISHE: Mimi nina swali dogo, msinicheke. Wakati Stars wako Moroko, si Kombe la Mapinduzi lilikuwa linachezwa Zanzibar?

KOCHA: Lilichezwa.

MAMA LISHE: Na Yanga na Simba na Azam walikuwemo?

KOCHA: Walikuwemo, na wachezaji waliobaki.

MAMA LISHE: Basi wanaweza kucheza na waliobaki. Imewezekana kwa kombe, imeshindikana kwa ligi yangu?

Hakuna aliyemjibu upesi, na mimi sikumwandikia Mwalimu jibu kwa sababu sikulipata lililo safi. Lililo karibu ni kwamba Mapinduzi ni kombe la kuenzi Januari 12, hakuna anayeshuka daraja kwa kulikosa, ilhali pointi tatu za ligi zina uzito wa ajira za watu. Ni jibu la haki. Lakini linathibitisha alichokuwa anasema Mama Lishe: tukisimama, tunasimama kulinda uzani wa mashindano ya ubingwa kati ya wakubwa. Aliye nafasi ya kumi na moja hana cha kulindiwa. Yeye analipa tu.

Sasa niseme langu, kisha niwarudishie kijiwe. Ninapowasikia watu wakiilaumu FIFA kwa kuvuruga ligi yetu, huwa naukumbuka mwaka 2025. CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipangwa Februari, sisi tukiwa wenyeji pamoja na Kenya na Uganda. Ligi ikasimama kuipisha. Katikati ya Januari, zikiwa zimebaki wiki zisizotimia tatu, CAF ikaisogeza hadi Agosti kwa sababu maandalizi hayakuwa tayari, na ligi ikabidi irudishwe haraka mwezi ambao ilikuwa imeupa likizo. Machi 8 dabi ya Kariakoo ikaahirishwa siku yenyewe ya mechi, baada ya Simba kulalamika kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia siku hiyo. Ilichezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Kabla ya hapo Simba ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa 2-0 na RS Berkane kule Moroko Mei 17 na kutoka sare ya 1-1 Mei 25. Hiyo ya pili ilibidi ichezwe Amaan, Zanzibar, kwa sababu Mkapa haukuwa katika hali ya kuchezewa. Kila hatua ya Simba Afrika ilizaa viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, nyumbani, na kila kiporo kilimwachia mtu mwingine nafasi ya kupanga hesabu zake akijua matokeo ya wenzake. Msimu ukaburuzwa hadi mwisho wa Juni. CHAN ikaanza Agosti 2, tukafika robo fainali, Moroko ikatufunga 1-0. Msimu mpya, ambao desturi yake ni Agosti, ukaanza Septemba. Desemba ukasimama tena kwa AFCON, na Januari 4 Moroko ileile ikatutoa kwa bao moja lilelile.

Katika orodha yote hiyo, tafuta mkono wa FIFA.

BINTI: Upo mmoja. AFCON ya Moroko ilitarajiwa katikati ya 2025. FIFA ikaweka Kombe la Dunia la Klabu jipya Marekani, Juni 14 hadi Julai 13, kiangazi kikawa kimekwisha kuuzwa. Msimu wa baridi nao Ulaya wameongeza mechi za Ligi ya Mabingwa mwezi Januari. AFCON ikabanwa katikati: Desemba 21 hadi Januari 18, ikapita juu ya Krismasi na Mwaka Mpya. Tena wiki chache kabla ya kuanza, FIFA ikaziruhusu klabu kubaki na wachezaji hadi Desemba 15, wiki nzima pungufu ya ile waliyoizoea makocha wa taifa.

Nimekubali. Huo ni mkono, na ni mzito. Lakini CHAN haimo katika kalenda ya FIFA, wala sheria ya FIFA hailazimishi klabu kumwachia mchezaji aende huko. Tuliisimamishia ligi kwa uamuzi wetu. Dabi tuliiahirisha wenyewe. Viporo tunavipika wenyewe.

KOCHA: Viporo vyote usivitie kwenye kapu moja. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, vijana wakitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Mechi iliyofuata ilikuwa na Simba, ikaahirishwa. Ulitaka wacheze na bandeji?

Sikutaka. Wala sisemi ratiba ndiyo iliyolipindua basi. Nasema hivi: ukizikata wiki mbili hapa na wiki tano pale, mechi 30 za kila timu hazipungui. Zinasogezwa na kubanwa kwenye siku zilizobaki. Mkubwa anapanda ndege hadi Mbeya asubuhi na kurudi kesho yake. Timu ya Jiji inapita njia ya lami usiku kucha, Ruangwa Jumapili, nyumbani Jumanne, mazoezi Jumatano. Anayelipia kubanwa kwa ratiba ni yule anayesafiri kwa magurudumu. Katika miaka ya karibuni treni ya SGR imeipunguzia Dodoma adha ya kwenda Dar, tangu safari zilipoanza Julai 2024, lakini reli hiyo haifiki Ruangwa wala Bukoba.

MWALIMU: Tukienda hivyo, tuguse na msimu wenyewe. Nani kasema ligi yetu ianze Agosti na iishe Mei? Mimi nakumbuka ligi ikichezwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2007, enzi za Tenga pale TFF, ikachezwa Ligi Ndogo ya kuvukia, Simba wakaibeba, ndipo tukaingia msimu wa 2007/08 kama Ulaya.

KOCHA: Kama Ulaya, wanaokwepa theluji kwa kupumzika... wapi! Hata hawaikwepi. Wanapumzika kiangazi chao. Wenye theluji ya kweli, Uswidi na Norwei, wanacheza kuanzia machipuko hadi Novemba, na hakuna aliyewafukuza FIFA. Madirisha ni yaleyale. Sisi mvua ya Dodoma, hiyo isiyofika milimita 600 kwa mwaka, inanyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Dar masika ni Machi hadi Mei. Maana yake ligi tunaianza kukiwa kukavu na tunaimalizia kwenye tope, ubingwa ukiamuliwa. Kuanzia Juni hadi Agosti, siku za jua kavu na ubaridi wa jioni ambazo Jamhuri ungekuwa raha ya kuangalia, tuko likizo.

MAMA LISHE: Na ndizo siku wakulima wamevuna, wana hela.

KOCHA: Mwambie huyo Mwalimu.

MWALIMU: Mnanishawishi, ila mmechelewa. Ligi ya Mabingwa ya CAF zamani ilikuwa ya mwaka mmoja, Februari hadi Novemba. Tulipohamia Agosti 2007 tukawa hatulingani nayo kwa miaka kumi na zaidi. Kisha 2017, kwenye kikao cha Rabat, CAF wakaamua nao wahamie, na msimu wa 2018/19 ukawa wa kuvukia. Kenya nao wakahama wakati huohuo. Leo ukiirudisha ligi yetu kwenye mwaka wa kalenda, Simba na Yanga watacheza robo fainali ya Afrika hawajaanza hata mechi za ligi. Hao ndio wanaoleta pointi zinazotupa nafasi nne Afrika.

BINTI: Halafu CAF wenyewe wametangaza Desemba 2025 kwamba baada ya AFCON ya 2028 itakuwa kila miaka minne, na itakuja ligi ya mataifa ya kila mwaka ndani ya madirisha ya FIFA. Kabla ya hapo kuna 2027, ambayo ni yetu, Kenya na Uganda. Kwa hiyo kubadilisha msimu leo ni kujenga nyumba wakati mkandarasi wa barabara bado anapima.

MAMA LISHE: Yote sawa. Nani ananilipa?

KOCHA: Tumerudi palepale.

BINTI: Mama, kuna kitu kinaitwa mpango wa faida kwa klabu. FIFA wametenga dola milioni 355 kwa klabu kutokana na Kombe la Dunia 2026, na safari hii hata zilizotoa wachezaji kwenye mechi za kufuzu zinapata. Sisi tulicheza kufuzu kundi moja na Moroko, Zambia, Niger na Congo. Klabu zilizotoa wachezaji wa Stars zina chao humo.

KOCHA: Zilizotoa. Rudia hapo, binti. Zilizotoa! Simba ikimtoa kipa inalipwa kwa siku alizokuwa kambini. Dodoma Jiji iliyotoa sifuri, ikakaa siku hizohizo bila mechi, bila mapato ya getini, bila mshahara kusimama, inapata sifuri. Katika dunia ya FIFA asiyetoa mchezaji hana hasara. Hawakufikiria kwamba ligi nzima inaweza kusimama kwa ajili ya klabu nne.

MWALIMU: Basi toeni mchezaji! Mbona rahisi? Lea kijana, apande, aitwe Stars, muingie kwenye mgawo. Kulia lia hakumtengenezi beki.

KOCHA: Mwalimu, nikuheshimu lakini nikujibu. Tukimpata kijana wa maana Septemba, dirisha dogo la usajili likifunguliwa ameshavaa nyekundu au njano. Anapoitwa Stars, anaitwa kwa jina la klabu ya Dar. Sisi tunabaki na picha yake ukutani.

MWALIMU: Si mnalipwa mlipomuuza?

KOCHA: Tunalipwa, mara moja. Siku za kambi analipwa aliyenunua, mwaka hadi mwaka.

Mwalimu hapa nimemnyima ushindi na sioni aibu. Hoja yake ya kwanza, kwamba ligi isimame wakati wa AFCON, inasimama vizuri kwa nchi ambayo timu yake ya taifa inaishi nyumbani. Ya pili, kwamba mdogo ajikaze hadi awe mkubwa, haina majibu kwa swali la fedha. Kama TFF inapata mgawo wa CAF kwa Stars kuvuka makundi, na kila klabu ya Ligi Kuu ilisimama ili Stars ivuke, sehemu ya mgawo huo ilipaswa kugawiwa kwa klabu zote 16 kwa kila siku iliyopotea nje ya madirisha ya FIFA, awe katoa mchezaji au hakutoa. Na ukifanya hivyo utaona maajabu: viporo vitapungua vyenyewe. Anayesimamisha ligi kwa siku ambazo anazilipia atafikiri mara mbili kabla ya kuongeza ya tatu.

MWALIMU: Na fedha ya vijana wa chini ya miaka 17? Ya timu za wanawake? Mgawo huo mnaoutafuna hapa kijiweni una wenyewe wengi.

KOCHA: Hilo nalo neno.

MAMA LISHE: Mimi hata wasiponilipa, waniambie mapema. Nipewe karatasi Agosti: Jamhuri kuna mechi siku hii na hii, hakuna siku hii na hii, na wasiibadilishe. Nikijua, nakopa mchele kwa siku zinazostahili.

BINTI: Madirisha unaweza kuyajua leo hii, mama. Ila kuna badiliko. Kuanzia 2026 la Septemba na la Oktoba yameunganishwa, limekuwa moja, siku 16, mechi nne.

MAMA LISHE: Siku 16 mfululizo?

BINTI: Mfululizo. Septemba 21 hadi Oktoba 6.

KOCHA: Afadhali. Tunakatwa mara moja badala ya mara mbili. Naweza kuwapa vijana wiki ya mapumziko na wiki ya mazoezi ya nguvu.

MWALIMU: Na Stars inakaa kambini muda wa kueleweka. Nimefurahi.

MWENYE BANDA: Siku 16 bila England? Mnaniua.

MAMA LISHE: Ngojeni kwanza. Jamhuri mechi ya mwisho kabla ya hapo ni lini, na ya kwanza baada ya hapo ni na nani? Kama ni Yanga nanunua gunia. Kama ni mwingine nanunua nusu.

BINTI: Hiyo haijulikani hadi Bodi ya Ligi watoe ratiba.

MAMA LISHE: Ya FIFA inajulikana, ya hapa haijulikani. Haya, Kocha, kahawa yako shilingi ngapi, nikulipie niende zangu, watu wa mchana wanakuja.